Kutoka Magogoni hadi Msimbazi

Mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba. Anayesubiri pantoni upande wa Magogoni huwaona waziwazi wanaosubiri upande wa Kigamboni, na meli ya makontena inapopita kati yao huwaficha kwa muda. Ukishapita hapo maji yanatanuka, yanajikunja kuelekea kusini na kuwa ghuba yenye kina, iliyokingwa dhidi ya mawimbi ya kusi na ya kaskazi. Mji huu ulizaliwa na umbo hilo. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa maarufu kuliko hapa, lakini maji yake ni ya kina kifupi. Jahazi lilisogea hadi lilipopwelewa, na mizigo ikashushwa na watu waliozama hadi kiunoni. Enzi ya meli za moshi ilipofika, Bagamoyo haikuwa na pa kuzipokea.

Mgeni anayekuja kuuzuru mji huletwa kwanza kwenye ukanda huu wa maji. Huonyeshwa kanisa la Azania Front lenye paa la vigae vyekundu, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Boma la Kale, bustani ya mimea, makumbusho, na kuta za Ikulu. Vyote vinastahili kutazamwa. Lakini sehemu kubwa ya majengo hayo ilijengwa na watawala, na ilijengwa ionekane kutoka melini. Historia ya waliobeba mzigo uliopita hapa, kuanzia pembe na kopra hadi shaba na makontena, imeandikwa kilomita mbili tu kutoka ufukweni, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, katika mitaa ya Kariakoo. Hiyo haimo katika ziara nyingi, na sehemu yake kubwa inabomolewa tukiitazama.

Tuanze na Mzizima. Kabla ya mji, eneo lililo kati ya Ikulu na Hospitali ya Ocean Road lilikuwa kijiji cha wavuvi. Washomvi, ambao husimulia kwamba asili yao ni Barawa, waliishi pwani wakichemsha chumvi na kukausha samaki. Wazaramo walikuwa nyuma yao, bara. Simulizi za pande zote mbili zinamtaja Pazi Kilama, mwindaji aliyewasaidia watu wa pwani kuwafukuza Wakamba, naye na warithi wake wakawa wanalipwa ada kwa ajili ya msaada huo. Kwa hiyo Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga hapa, katikati ya miaka ya 1860, alifika kwenye ardhi yenye wenyewe, yenye mikataba yake na kumbukumbu zake.

Majid alitaka bandari ya bara ambayo ingepokea meli kubwa na misafara moja kwa moja, mbali kidogo na macho ya mabalozi wa Ulaya waliojaa Unguja. Alijenga kasri lililotazama ghuba, na Septemba 1867 akawaandalia karamu mabalozi wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani. Miaka mitatu baadaye alifariki. Ndugu yake Barghash aliyerithi kiti alikuwa na moyo wake Unguja, na kasri likaachwa liporomoke. Mwaka 1877 Mwingereza William Mackinnon na wenzake walianza kuchonga barabara kutoka hapa kuelekea Ziwa Nyasa; ilipoachwa mwaka 1881 haikuwa imefika hata maili mia. Mji ulisinzia.

Kutoka zama hizo yamebaki majengo machache kando ya Barabara ya Sokoine. Moja ni Boma la Kale, la miaka ya 1866 na 1867, lenye kuta nene za mawe ya matumbawe na boriti za mbao. La pili ni Atiman House, nalo la wakati wa Majid, ambalo mapadri wa White Fathers walilinunua miaka ya 1920. Jina lake ni la mtu ambaye wapita njia wengi hawamjui. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, kisha akafika Karema kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Mtumwa aliyegeuka tabibu ameipa jina nyumba ya zama za sultani aliyetawala kitovu cha biashara ya watumwa; ukipita hapo, simama kidogo.

Wajerumani walifika mwaka 1887, wakiwa kampuni kabla ya kuwa serikali. Pwani nzima iliwaka moto mwaka uliofuata katika vita ambavyo Abushiri bin Salim aliongoza upande wa Pangani na Bagamoyo, na mapema mwaka 1889 misheni ya Pugu ilishambuliwa. Baada ya kuvizima, mwaka 1891 Wajerumani waliuhamishia mji mkuu wa koloni hapa kutoka Bagamoyo, kwa sababu ileile ya kina cha maji. Ndipo ukanda wa pwani ulipopata sura yake: bustani ya mimea mwaka 1893, Hospitali ya Ocean Road mwaka 1897, ambako Robert Koch alifanya kazi zake za utafiti wa magonjwa, na makanisa mawili makubwa yaliyokamilika mwanzoni mwa karne mpya. Hospitali ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyotokana na fedha za Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo, ambaye wodi zenye jina lake bado zipo Muhimbili.

Reli ya Kati ilianza kutoka bandarini mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kupitia reli hiyo meli ya Graf von Götzen ilisafirishwa vipande vipande ndani ya masanduku, kutoka Papenburg, Ujerumani, hadi Ziwa Tanganyika. Leo tunaiita Liemba. Masanduku yale yote yalipitia gati la Dar es Salaam.

Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iliupiga mizinga mnara wa simu ya upepo, nao Wajerumani wakazamisha gati lao linaloelea ili kuuziba mlango wa bandari. Mizinga ilirudi mwishoni mwa mwaka na kuharibu nyumba ya gavana. Ikulu tunayoiona leo ilijengwa upya na Waingereza mwaka 1922 juu ya mabaki yake. Mji wenyewe ulitekwa Septemba 1916. Kuanzia hapo historia inahama kutoka pwani.

Muda mfupi kabla ya vita Wajerumani walikuwa wamejenga ukumbi wa soko katika eneo tambarare lililo magharibi ya mji. Waingereza walipoingia waliugeuza kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na watu wakaliita eneo Kariakoo, kwa jinsi walivyolisikia jina hilo. Nairobi nayo ina Kariokor yake. Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa mahali pasipo na barabara, penye mbung'o waliowaua farasi na ng'ombe, kwa hiyo kila risasi na kila kibaba cha mchele kilifika mstari wa mbele kichwani mwa mtu. Pande zote mbili zilikamata wanaume vijijini kwa nguvu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa, na wengi walizikwa bila jina kuandikwa popote.

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha Sanamu ya Askari katika njia panda iliyo karibu na Posta Mpya, kwenye barabara ambayo leo inaitwa Samora. Sanamu za namna hiyo zilisimamishwa pia Nairobi na Mombasa, na maneno yaliyochongwa chini yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yalitungwa na Rudyard Kipling. Nairobi mpagazi amechongwa, amesimama pamoja na askari wawili. Dar es Salaam yuko askari peke yake, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Mpagazi ametajwa katika maandishi tu. Wanaopiga picha hapo ni wengi. Nadhani wachache huambiwa kwamba kumbukumbu kubwa kuliko zote ya wapagazi wale iko mwendo wa nusu saa kwa miguu, na kwamba ni soko.

Waingereza waliurithi mpango wa Wajerumani wa kugawa mji kwa rangi na kuukaza: Uzunguni upande wa mashariki penye upepo wa bahari, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo. Kati ya Uhindini na Kariakoo waliacha uwanja mpana bila nyumba, kwa kisingizio cha afya. Uwanja huo ndio Mnazi Mmoja. Barabara inayoupitia leo ina jina la Bibi Titi Mohamed, na nitarudi kwake.

Uhindini kuna mengi kwa anayependa majengo. Upepo wa kaskazi ulikuwa ukileta majahazi kutoka Kutch na Gujarat kwa karne nyingi kabla ya Majid, na familia zilizoanzia Bagamoyo na Unguja zilihamia hapa mji ulipokua. Jamatkhana ya Waismailia yenye mnara wa saa, ya mwaka 1930, bado inasimama Mtaa wa Msikiti. Ukumbi wa Karimjee, uliotolewa na familia ya Karimjee Jivanjee miaka ya 1950, ulikuwa nyumba ya Baraza la Kutunga Sheria na kisha ya Bunge. Humo, tarehe 27 Aprili 1964, Mwalimu Nyerere alichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar kuashiria muungano. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha, na familia nyingi za Kihindi ziliondoka nchini. Roshani zao za zege, zenye mwaka wa ujenzi na jina la mwenye nyumba juu ya mlango, zinapungua kila mwaka, na mahali pake panaota maghorofa ya vioo. Machi 2013 moja ya majengo mapya, lililokuwa bado linajengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka na kuua watu 36.

Turudi bandarini, kwa makuli. Hadi mwaka 1956 Dar es Salaam haikuwa na gati la maji marefu. Meli zilitia nanga katikati ya ghuba, matishari yakazifuata, na shehena ikashushwa mara mbili: kutoka meli hadi tishari, kutoka tishari hadi nchi kavu. Kazi hiyo ilifanywa na vibarua wa kutwa, ambao hawakujua asubuhi kama jioni watakuwa na posho. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943. Septemba 1947 mgomo wao ulivuka lango la bandari, ukafuata reli hadi bara na kuwa mgomo mkubwa wa kwanza kuitikisa Tanganyika nzima. Nyongeza ya mshahara ilipatikana. Likapatikana na lingine ambalo serikali haikulipenda: watu wa makabila tofauti walijua sasa kwamba wakisimama pamoja, meli haziendi popote. Magati matatu yaliyofunguliwa mwaka 1956 yalikuja baada ya hapo, na wengi wa makuli hawa waliishi Kariakoo na Ilala, wakienda kazini kwa miguu kupitia Gerezani.

Nyumba walizoishi ndizo hasa ninazotaka msomaji azitazame. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na baraza mbele, ukumbi mwembamba uliopita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani nyuma ambako palikuwa na jiko, choo na kisima cha habari zote za mtaa. Mwenye nyumba aliishi chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Mmatumbi alipangiwa chumba kando ya Mmanyema, Mzaramo mwenye nyumba akampokea Mnyamwezi aliyeshuka kwenye treni, na watoto wao wote wakakua wakizungumza Kiswahili kimoja. Barazani watu walicheza bao, walikunywa kahawa, na wanaojua kusoma waliwasomea wengine magazeti. Ngoma za lelemama, vikundi vya taarabu na madansi vilikuwa na wanachama, viti vya uongozi na michango, miaka mingi kabla hatujapewa ruhusa ya kupiga kura.

Chama cha African Association kiliundwa mwaka 1929, na ofisi yake ikajengwa New Street, pembezoni mwa Kariakoo. Mtaa huo sasa ni Lumumba. Humo, tarehe 7 Julai 1954, TANU, chama kilichodai uhuru, ilizaliwa. Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha Pugu, akija mjini mwisho wa wiki, na waliompokea walikuwa watoto wa Kariakoo: Abdulwahid Sykes, ambaye wakati huo alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo, mdogo wake Ally, Dossa Aziz, mzee John Rupia. Naye Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma, alipokabidhiwa sehemu ya wanawake ya TANU mwaka 1955 alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya lelemama na kuwaomba wawalete wanachama wao. Katika miezi michache wanawake wa Dar es Salaam waliokata kadi walikuwa maelfu. Vitabu vya shule husema TANU iliwaamsha wananchi. Ukiifuata mitaa hii nyumba kwa nyumba, unaona wananchi waliokuwa macho tayari wakikipa chama miguu yao.

Hapa pia ndipo klabu zetu kubwa za mpira zilipoanzia. Yanga iliundwa mwaka 1935, na mwaka mmoja baadaye waliojitenga nayo walianzisha klabu ambayo, baada ya kuitwa Sunderland kwa miaka mingi, ikawa Simba mwaka 1971. Jengo la Simba liko Mtaa wa Msimbazi, la Yanga Jangwani, na mechi yao inayosimamisha nchi bado inaitwa dabi ya Kariakoo.

Uhuru ulipoingia, bandari ilipata wajibu mpya. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliweka makao hapa mwaka 1963, FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa imeshaundwa hapa mwaka 1962, na kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu katika jiji hili Februari 1969. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilipoteza njia yake ya kusini, na mzigo wake ukageukia ghuba yetu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifika Ndola mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa na Wachina na Waafrika kati ya 1970 na 1975. Congo ilikuwa na njia yake tangu zamani: kwa mkataba wa mwaka 1921 Wabelgiji walipewa eneo lao bandarini, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Hadi leo shaba ya Katanga na ya Copperbelt inatokea hapa, na malori yake ndiyo yanayojaza barabara ya Mandela usiku.

Katika miaka hiyohiyo ya kujenga taifa Kariakoo ilipata jengo ambalo kwangu ni zuri kuliko yote jijini. Soko Kuu, lililofunguliwa mwaka 1975, lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika nchini. Paa lake limeundwa kwa miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, ili maji ya mvua yatiririke katikati ya kila nguzo hadi kwenye matangi, na upepo upite juu ya vichwa vya wauzaji. Shimoni palikuwa pa mauzo ya jumla, juu pa rejareja. Aliyelichora alijua joto la Dar es Salaam na alijua masika. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto ulilishika. Wafanyabiashara waliokuwa na mali ndani walisimama barabarani wakitazama, na serikali ilianza kazi ya kulikarabati pamoja na kujenga soko jipya la ghorofa kando yake.

Kariakoo ya sasa haina mlango wala saa ya kufunga. Mzigo unaoshushwa bandarini kutoka Guangzhou au Dubai unafunguliwa Mtaa wa Kongo, Narung'ombe au Aggrey. Wanunuzi wanatoka Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe na Moroni. Mawinga wanamshika mteja njiani na kumpeleka kwenye fremu. Maguta na mikokoteni inapita katikati ya watu kwa kelele za kuomba njia. Mbebaji wa leo ana marobota ya nguo badala ya masanduku ya risasi, na bado anabeba kichwani. Wafanyabiashara walipofunga maduka Mei 2023 kulalamikia kodi, Waziri Mkuu alikuja kuwasikiliza Mnazi Mmoja, na nchi jirani zilihisi pengo.

Utajiri huo ndio unaozimaliza nyumba. Fremu moja ya mlangoni inaingiza kodi kubwa kuliko vyumba sita vya wapangaji, kwa hiyo wenye nyumba wameingia ubia na wawekezaji: wao wanatoa kiwanja, mwenzao anajenga ghorofa, wanagawana. Siwalaumu. Wengi walikuwa warithi wa babu aliyekuwa kuli au dereva, na hiyo ndiyo mali pekee aliyowaachia. Lakini maghorofa yamepanda yakibanana, mengine kwa haraka mno, na Novemba 16, 2024 moja liliporomoka asubuhi ya siku ya biashara na kuua watu zaidi ya 20.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Kwa hesabu hiyo hata Boma la Kale limechelewa kwa miaka michache; jengo lolote la Dar es Salaam likitaka ulinzi, lazima waziri alitangaze. Ukanda wa pwani umetangaziwa majengo kadhaa, na Boma lenyewe sasa ni kituo cha urithi wa usanifu wa jiji. Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1966, kinaonyesha nyumba za jadi za makabila ya nchi nzima, kwa hiyo ujuzi wa kutunza nyumba ya udongo, miti na bati upo. Kinachohitajika Kariakoo ni nyumba moja tu ya Kiswahili iliyobaki, inunuliwe kwa bei halali ya soko kutoka kwa warithi wake, itangazwe, na ifunguliwe kwa umma ikiwa na baraza lake, ukumbi wake na uani wake, pamoja na majina ya wapagazi yanayoweza kupatikana katika daftari za malipo za vita. Wenye uwezo wa kuamua hilo ni Wizara ya Maliasili na Utalii na Halmashauri ya Jiji, na wazee waliozaliwa katika nyumba hizo, wanaojua nani alilala chumba gani na mkutano upi ulifanyika barazani kwa nani, wengine bado tunao.